Shilingi elfu mbili za Ijumaa

Ijumaa ya kwanza nilidhani mtu kakosea namba.

Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya friji ya mteja, Makorora, natafuta gesi inavujia wapi. Kazi hiyo haitaki mtambo mkubwa: povu la sabuni kwenye kikopo, brashi, na subira. Unapaka povu kwenye kila kiungio cha bomba, unatulia, unatazama. Panapovuja patajisema penyewe, kwa kipovu kimoja kidogo kinachovimba na kupasuka. Simu ikatetemeka mfukoni. Umepokea shilingi 2,000.

Nikasoma jina la aliyetuma. Nikasoma tena.

Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kupaka povu kwenye kiungio nilichokwisha kukipaka.

Baba yangu na mimi tulikuwa hatujasemezana miaka kumi na tatu. Niseme mapema, maana najua mtafikiria Muscat au Afrika Kusini: baba alikuwa Ngamiani. Kutoka kwake hadi kwangu Mikanjuni, kwa baiskeli yenye upepo wa kutosha, hujamaliza kupanga utakachosema umeshafika.

Hesabu ya barabara

Watu wanadhani kumkwepa mtu katika mji kama Tanga haiwezekani. Inawezekana, ila ni kazi kama kazi nyingine. Barabara za Ngamiani zina namba, na namba zinasaidia. Nilijua baba anakaa barabara ya 12, chumba kimoja katika nyumba ya ukoo. Basi nikiwa na mteja barabara ya 10 napitia juu, nikiwa na mteja barabara ya 14 napitia chini, na mteja wa barabara ya 12 nampelekea kijana wangu wa kazi. Wateja wawili wazuri nimewapoteza hivyo, maana kijana mwenyewe alikuwa bado hajui kuchomelea.

Nilibadili msikiti wa Ijumaa. Nilibadili kinyozi. Baiskeli yake naijua, Phoenix nyeusi yenye kengele iliyokufa zamani. Badala ya kengele yeye hupiga mluzi, mfupi, mara mbili. Mluzi huo nikiusikia hata katikati ya kelele za soko la Mgandini, shingo inageuka yenyewe upande wa pili kabla akili haijapata habari. Mkwakwani, Coastal wakicheza, nilikaa upande wa jua kwa sababu najua yeye hukaa kivulini. Mpenzi wa Coastal atanielewa: mateso mawili kwa tiketi moja.

Na mji ulitusaidia. Watu wa Tanga kwa kuulizia habari hawana haya, lakini adabu ya shughuli wanayo. Tukihusika wote kwenye harusi, mwenye shughuli atamwita baba kwenye ndoa msikitini, mimi ataniita kwenye chakula. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ndivyo ilivyopangwa. Nilikuwa naziona tu kadi zangu zina saa tofauti na za wenzangu.

Siku ya tatu

Chanzo sitakieleza chote. Mwenye baba aliyepata kiinua mgongo kisha akaoa atajaza mwenyewe. Nitasema kwamba nilitoka shule kidato cha tatu nikaenda kuchukua samaki Deep Sea na kuwatembeza kwa ndoo mitaani, kwa sababu nyumbani palikuwa na mama aliyelazwa na kiharusi na wadogo zangu wawili wa kike. Miaka minne mama alilala upande mmoja. Baba alikuwa Pongwe, kwa mkewe.

Mama alifariki mwaka 2011. Tulimzika alasiri. Baba alifika siku ya tatu, hitima imeshasomwa, watu wanakunja majamvi. Akasema hakupata habari mapema.

Mimi ndiye niliyempigia simu. Usiku uleule. Na simu ilipokewa.

Nilisimama katikati ya majamvi nikasema, watu wakisikia, kwamba kuanzia leo sina baba. Naye akasema, "Na mie sikuzaa."

Akapanda baiskeli akaondoka. Chai waliyomtengea ilikuwa haijapoa.

Nilipokuwa nakwama

Kwetu mtoto aliyekosana na mzazi njia yake inajulikana. Unatafuta mtu mzima, anatangulia kukusemea, unaingia, unapiga goti, unashika mkono, unaomba radhi. Mzee atanung'unika, atakukumbusha homa uliyougua ukiwa na miaka miwili, kisha radhi itatoka na waliopo watasema Alhamdulillahi. Radhi ni bora kuliko mali: hadi kwenye kanga imeandikwa.

Shangazi alinijia na njia hiyo mara tatu. Mara ya tatu alikuja na sheikh wa mtaani, na sheikh akanisomea Suratul Israa, aya ya 23, ile inayokataza kuwaambia wazazi hata "ah!" Nikamwomba aendelee na ya 24. Akaendelea: Mola wangu, warehemu kama walivyonilea utotoni.

"Sheikh," nikamwambia, "mimi hukwama hapo kwenye 'kama'."

Shangazi alinipiga kofi la paja. Sheikh hakukasirika. Alikoroga chai ambayo hakuitia sukari, kisha akasema 'kama' ile si mizani tuliyopewa tuwapimie wazazi. Lilikuwa jibu zuri na nililipokea. Lakini usiku fulani ndoo ya samaki ilinirudia hata hivyo, na swali lake: kuanzia kidato cha tatu, nani alikuwa ananilea mimi?

Zile elfu mbili zilipoanza kuingia nikaanza kuwaza jambo ambalo miaka yote sikuwahi kuliwaza. Mtoto kumwendea mzazi, njia ipo na maneno yake yapo. Mzazi aliyemkosea mtoto anapita wapi? Apige goti? Aseme "naomba radhi, mwanangu"? Hebu jaribu kuisema kwa sauti, hapo ulipo. Ulimi unagoma. Radhi kwetu inateremka kama maji, haipandi. Mzee akitaka kumwomba mtoto msamaha atamwambia amekonda. Atamuuliza kama amekula. Atamletea maembe. Mama alinisimulia kwamba alipokuwa msichana babu alimchapa kwa kosa la mtu mwingine. Alipoujua ukweli alimnunulia viatu, na hakulizungumza jambo lile mpaka anaingia kaburini.

Miaka kumi na tatu nilikuwa namsubiri baba aje na neno ambalo hakuna aliyemfundisha.

Hilo halimsafishi. Niliona tu kwamba nimekuwa nikingojea mtu afike kwa barabara isiyochongwa.

"Wewe ndiye wa elfu mbili?"

Ijumaa ya pili ikaingia 2,000. Ya tatu vilevile. Daima saa nane kasoro, watu wakitoka msikitini. Sikurudisha, sikushukuru, sikuzitumia. Mke wangu ndiye aliyekuwa anahesabu. Zilipofika mara kumi na moja akasema, "Elfu ishirini na mbili hizo, na makato juu. Kwenye pensheni ya mzee."

Nikamwambia mzee ananinunua.

"Kwa elfu mbili?" akasema. "Basi una bei nzuri."

Wiki ya kumi na mbili haikuingia kitu. Saa nane na nusu nikajikuta natazama simu. Saa tisa niliizima na kuiwasha, nikidhani ni mtandao. Saa kumi nilikuwa barabara ya 12, mara ya kwanza tangu ndevu zangu zianze kuota mvi, nimesimama mbele ya kibanda cha wakala kana kwamba nataka kutoa pesa.

Binti wa kibandani aliniangalia mkoba wa vifaa. "Wewe ndiye fundi?"

"Fundi yupi?"

"Wa elfu mbili."

Akanieleza. Mzee ana simu yake ya kitochi na kutuma anajua mwenyewe, hataki kusaidiwa. Anaingiza namba, anaingiza kiasi. Kabla ya namba ya siri, simu humletea jina la anayetumiwa, ahakikishe. Hapo ndipo humpa binti simu. "Nisomee." Binti anasoma. "Tena." Anasoma tena. Wakati mwingine wanakawia, muda unakwisha, inabidi aanze upya, na hilo halimuudhi. "Zamani alikuwa anasoma mwenyewe," binti akasema. "Sasa macho yameingia ukungu. Leo wamempeleka kupimwa."

Nilirudi bila kutoa pesa.

Jina langu kamili lina sehemu tatu kama la kila mtu: langu, la baba, la babu. Mwanzoni mwa 2020, nchi nzima tulipokuwa tunaikimbiza tarehe 20 Januari ili laini zetu zisajiliwe kwa alama za vidole, nilipanga foleni na nilipofika mezani nikamuuliza dada aliyekuwa anasajili kama naweza kuandikisha jina la mjomba badala ya la baba. Hata hakuinua uso. "Majina yanakuja yenyewe kutoka kwenye kitambulisho, kaka. Weka kidole." Nikaweka kidole. Baba akatokea kwenye kioo, katikati yangu na babu.

Niliondoka na hasira siku ile. Kumbe nilikuwa namwandalia mtu cha kusomewa.

Benchi

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wangeanza na la kulia. Shangazi akanipigia: mzee anapasuliwa Jumanne, anahitajika mtu wa kumsindikiza. Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Mimi nimesema mtu," akajibu. "Sijasema wewe."

Nilimkuta ameshakaa kwenye benchi, kanzu imepigwa pasi, juu ya nyusi ya kulia wamemchora alama kwa kalamu ili jicho lisije likakosewa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akageuza sikio kwanza, kisha uso. Hakuniona vizuri, lakini sauti aliitambua. Nilimwona anavyoshika fimbo kwa mikono miwili.

Tukakaa. Muuguzi akaja kumtia dawa ya kupanua mboni, akaondoka, akarudi, akatia tena.

"Gati umeliona?" baba akauliza.

Maisha yake yote ya kazi ni bandari. Alianza ukuli, akamalizia kwenye winchi. Miaka ile meli zilikuwa zinatia nanga nje, kina cha gatini hakizibebi, kwa hiyo watu na matishari ndio waliozifuata huko huko majini, mzigo ukashushwa na kuletwa nchi kavu kidogo kidogo. Siku hizi wamechimba hadi mita 13 na gati jipya lina urefu wa mita 450. "Meli yaja yenyewe," akasema. "Sie tukiifuata."

Mwandishi mwenye kipaji angeokota fumbo hapo. Baba yangu akizungumza meli anazungumza meli. Aliendelea robo saa nzima juu ya winchi, jinsi mzigo unavyoyumba tishari likipigwa na wimbi, na jinsi mtu wa winchi asivyotazama mzigo bali mkono wa anayempa ishara. Nilikuwa sijawahi kumsikia akieleza kazi yake. Ni fundi. Hilo sikulijua: kwamba nimezaliwa na fundi.

Jina lake likaitwa. Akasimama. Kisha akakaa tena, akautafuta mkono wangu mpaka akaupata, akashika hapa kwenye kifundo.

"Nihalalishie," akasema.

Neno hili ninyi mnalijua. Mwenye safari ya Hija hulipeleka nyumba kwa nyumba, mpaka kwa jirani aliyewahi kuazima kinu chake. Ramadhani ikikaribia tunaambiana njiani. Na anayeingia chumba cha upasuaji anaruhusiwa kumwambia yeyote, mkubwa kwa mdogo, bila aibu, maana hajui kama atatoka. Ni mlango pekee ninaoujua ambao baba anaweza kuupita kumwendea mwanawe bila kuvunja kitu. Ila tuwe wakweli: upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa dakika ishirini hivi, ganzi ya jicho tu, na mzee aliyetangulia kabla yake nilimwona na macho yangu ametoka anaulizia maandazi. Baba alitafuta kifo kidogo kuliko vyote ili apate ruhusa ya kulisema.

Nikawa nimefungua mdomo nijibu kama watu wanavyojibu. Akaongeza:

"Ile simu niliipokea."

Muuguzi akaita tena.

"Nenda, Baba," nikasema. "Wanakusubiri."

Nililolinyima

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mwanadamu ameniomba neno moja, nami nimemjibu kama konda.

Nimejitetea kwa namna nyingi. Nimejiambia kwamba "nimekuhalalishia" watu hulitoa kama marahaba, na sikutaka kumpa baba neno la kawaida kwa jambo lisilo la kawaida. Huo ni utetezi mzuri na sijui sehemu gani yake ni kweli na sehemu gani ni uungwana niliouvaa baadaye. Maana palikuwa na utamu pia. Kidogo, kama nusu kijiko, lakini niliuonja: mara ya kwanza maishani baba alitaka kitu na mimi ndiye niliyekuwa nacho.

Shangazi nilipomsimulia alisema nimeshika moto kwa mkono. Mke wangu hakusema kitu. Aliuliza tu, "Na angefia humo?"

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia hata yeye. La kwangu naweza kulihalalisha. Ndoo ya samaki, shule, harusi yangu bila baba: vyote vyangu hivyo, nikitaka navisamehe kesho asubuhi. Lakini aliyelala upande mmoja miaka minne hakuwa mimi. Aliyezikwa mumewe akijua habari na akakaa, hakuwa mimi. La mama nalihalalisha kama nani? Nimelitafutia jibu mpaka kwenye kaburi lake, nimeng'oa majani, nimesoma dua, nimerudi nyumbani na mikono michafu.

Matone

Baada ya upasuaji kuna matone ya jicho, mara nne kwa siku, wiki kadhaa. Baba anaishi peke yake. Mke wa Pongwe walishaachana. Mkono wake unatetemeka, na siku ya kwanza nusu ya kichupa ilimwagikia ndevuni. Mtoto wa jirani akachukua la adhuhuri na la alasiri. Asubuhi na usiku nikachukua mimi. Hakuna aliyenipangia.

Anaegemeza kichwa ukutani. Kwa kidole gumba navuta kope ya chini mpaka pafanyike kijimfuko chekundu, naning'iniza kichupa bila ncha kugusa jicho, nabonyeza. Anashtuka kila mara, kama mtoto. "Funga taratibu, Baba. Usikamue." Halafu namfuta kwa kitambaa. Ngozi ya mashavu yake ni laini ajabu. Nina miaka thelathini na tano na sikuwa nimewahi kuushika uso wa baba yangu.

Siku ya tatu ukungu ulipopungua alinitazama kwa muda mrefu. Nikangoja.

"Umezeeka," akasema.

Akauliza nina watoto wangapi. Nikamwambia watatu. Akauliza jina la mkubwa wa kiume. Hapo nilisitasita, kwa sababu anajua, na mimi najua, kifungua mimba wa kiume kwetu hupewa jina la nani. Nikamtajia. Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa kwa watu.

"Jina zuri," akasema. "Baridi ya friji imekuingia mkononi, vidole vyako vya baridi."

Watoto bado sijawapeleka. La mama bado sijalipatia jibu. Neno aliloniomba bado sijalitoa, na yeye hajaliomba mara ya pili.

Ijumaa iliyopita nilichelewa kazini, tone la asubuhi nikalipeleka mchana, baada ya swala. Nilipomaliza kumfuta, akavuta simu yake ya kitochi chini ya mto, akainyoosha mbali na uso, akaanza kubonyeza. Nilikuwa nimekaa naye kitanda kimoja. Akabonyeza namba, akabonyeza kiasi, kisha akasimama hapo, jicho la kushoto amelifumba, midomo inatembea. Alisoma mpaka mwisho. Akarudia. Muda ukakwisha, ikakatika, akaanza upya bila kunung'unika.

Mfukoni simu yangu ikatetemeka.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika."